Mwandishi wa Shirika

Daftari letu lina jalada la bluu,
kona yake imeliwa na panya wa Ndosho
ambao hawafungi Kwaresima.
Nimelishika tangu Muhindo Bwira alipohama
akaniachia kalamu, mhuri usio na wino
na deni la mishumaa sita.

Kila Alhamisi, saa kumi na nusu, naandika:
waliokuja, waliokosa, neno lililosomwa,
sadaka, iwe franka au vikombe vya maharage,
na siku moja kipande cha sabuni
kilichokatwa kwa uzi ili kiwatoshe wawili.

Naandika pia yasiyopaswa kuandikwa.
Kwamba Zaburi ilikatizwa na mlio upande wa Sake,
na Mama Vumilia akairudia tangu mwanzo, polepole,
kama mtu anayerudisha uzi tunduni mwa sindano.
Kwamba Katembo, mwenye chukudu, alisali amesimama
kwani mgongo umekataa kuinama,
akamwambia Mungu: "Bwana, benki imefunga,
shule imefunga, barabara imefunga.
Wewe usifunge."
Tukaitika amina, na mtu mmoja akacheka,
na kicheko kile nacho nikakiandika kwenye safu ya sala.

Sitasema kwamba hatuogopi.
Ninajua nani hulala na viatu.
Ninajua vyeti vya ubatizo vimefungwa katika nailoni,
vimeshonewa ndani ya mito,
hata watoto wetu hulalia majina yao.
Usiku mlima unawasha taa yake nyekundu chini ya mawingu.
Kama taa ya tabernakulo, alisema mtoto mmoja,
na mama yake akamziba mdomo:
ile ya kanisani tunajua ni ya nani,
ile ya mlimani haijatuahidi kitu.

Padri alituambia tusisumbukie ya kesho.
Lakini mimi ni mwandishi, kesho ndiyo kazi yangu.
Mwisho wa kila mkutano napiga mstari kwa rula
na kuuliza lile swali dogo:
"Alhamisi ijayo, kwa nani?"

Juzi walinyamaza.
Mmoja alitazama kucha zake. Mwingine aliikunja rozari
iliyokuwa imekwisha kukunjwa.
Nani ataahidi kiti katika nyumba
ambayo huenda ataiacha Jumatatu?
Nje, mvua ilianza kuhesabu mabati.

Ndipo Kasoki aliposema: "Kwangu."
Kasoki!
Nyumba yake ya kwanza imo chini ya jiwe jeusi,
ya pili aliijenga juu ya ya kwanza, ikaifuata;
ya tatu ina kuta mbili na nusu
na mlango uliosimama peke yake kama mlinzi
asiyejua analinda nini.
"Kwangu," akasema tena. "Ila mje na viti."
Katembo akasema mbao atazibeba yeye, mteremko anaujua.
Vumilia akasema ana mabati manne, ila yana matundu ya misumari.
"Penye matundu tutakaa kwa zamu," akajibu Kasoki,
"mimi nianze, nimezoea."

Nikaandika: Kwa Kasoki. Saa kumi na nusu.
Mkono ulitetemeka kwenye neno "ijayo".
Sikulifuta.
Kifuani mwangu kuna kelele nyingi;
imani niliyo nayo yote ilikuwa imelala pale,
mstari mmoja, wino haujakauka.

Kurasa zimebaki tisa.
Jana nilipita soko la Virunga
nikaomba daftari jingine, la kurasa mia mbili.
Muuzaji akauliza: "La shule?"
Shule imefunga, nikamwambia.
"Basi la nini, lote hilo?"
Nikahesabu franka zangu mara mbili,
kisha nikamwomba anitafutie lenye jalada gumu,
kwa sababu ya panya.